Nyumba ya Babu: Jumamosi Tutazame Nini?

[Jumatano 19:42] Shangazi wa Tudor: Assalamu alaykum, watu wa nyumba ya Babu. Jumamosi baada ya Isha tunakutana Majengo kwa Bibi ili tutazame pamoja, na mpaka sasa ni nyumba 2 kati ya 7 zilizojibu. Kila mmoja aseme anachotaka, kwa sentensi kamili kama Babu alivyotuagiza, kwa sababu mara ya mwisho tulipekua orodha saa nzima, mahamri yakapoa, na hatukutazama chochote.

[19:58] Binamu wa Kisauni: Waalaykumu salaam, Shangazi. Mimi napendekeza Adolescence, tamthilia ya Uingereza ya mwaka 2025. Ina vipindi 4 tu, na kila kimoja kimepigwa mfululizo, bila kamera kuzimwa hata mara moja. Mvulana wa miaka 13 anakamatwa alfajiri akishukiwa kumwua msichana wa shuleni kwao, nasi tunaingia nyumbani kwao pamoja na polisi. Kilichonishika si kutafuta mwuaji, kwa maana hilo halifichwi kwa muda mrefu, bali ni kumwona baba yake, fundi wa mabomba, akijiuliza alimkosea mwanawe wapi.

[20:05] Ami Mdogo wa Changamwe: Ikiwa kamera haikuzimwa saa nzima, basi umeme wao haukatiki. Huku kwetu mpiga picha angemalizia kipindi kwa tochi ya simu. 😂

[20:06] Binamu wa Kisauni: Ami, kamera hutumia betri.

[20:07] Ami Mdogo wa Changamwe: Nayo betri huchajiwa kwa nini, mwanangu, kwa upepo wa Kusi?

[20:09] Shangazi wa Tudor: Ndugu yangu, hujasema utakachotazama, na shilingi 200 zako za mwezi uliopita sijaziona pia.

[20:33] Shangazi Mdogo wa Likoni: Samahanini, nilikuwa kwenye feri. Mimi hizi za kusisimua zimenichosha, kwa sababu kila kipindi hukatizwa mtu akiwa ameshikilia kitasa cha mlango, ili wewe usilale. Squid Game ya mwaka 2021 naisamehe. Wale wachezaji walipiga kura ya kwenda zao, wakaachiliwa, kisha wengi wao wakarudi kwa miguu yao wenyewe kwa sababu ya madeni, na hilo la kurudi ndilo lililonifanya niamini yote mengine, kwani mtaani kwetu nani asiyelijua deni? Misimu iliyofuata niliiona ni mchuzi uleule ulioongezwa maji.

[20:36] Ami Mdogo wa Changamwe: Madeni tena. Dada wa Tudor atatuvalisha suti za kijani atugawie nambari.

[20:41] Shangazi wa Tudor: Ningekuwa na hao walinzi wenye suti za waridi ningekuwa nimeshakusanya. Sasa nisikilizeni. Pendekezo langu ni The Letter, filamu ya makala ya Maia Lekow na Christopher King, iliyotoka mwaka 2019 na ambayo Kenya iliipeleka kuiwakilisha kwenye mashindano ya Oscar. Kijana anayeishi hapahapa Mombasa anapata habari kwamba nyanya yake kule Kilifi ameitwa mchawi kwenye Facebook, anakwenda kumwona, na kadiri anavyouliza ndivyo anavyoona kwamba nyuma ya neno hilo kuna ardhi. Kwangu mimi inatisha kuliko tamthilia zote za wauaji, kwa kuwa hakuna mgeni anayevizia dirishani. Wanaotisha ni watu wanaokula sahani moja na yule bibi.

[21:17] Ami Mkubwa wa Mtongwe: Miezi minne sijaandika humu, na leo naandika. Kwa nini filamu hiyo, na kwa nini itazamwe mbele ya Mama? Kila ardhi ya familia inapotajwa, macho hunigeukia mimi. Minazi ya Waa ilizungumzwa mbele ya wazee, ikaisha.

[21:19] Shangazi wa Tudor: Kaka, mimi nimetaja Kilifi, wewe umetaja Waa.

[21:20] Ami Mkubwa wa Mtongwe: Karatasi mnayo.

[21:20] Shangazi wa Tudor: Karatasi ambayo Mama hakutia kidole.

[21:24] Ami Mdogo wa Changamwe: Jamani, mimi nitaleta viazi karai.

[21:26] Shangazi Mdogo wa Likoni: Ujumbe huu umefutwa.

[22:02] Babu: Nimesoma yote. Filamu hiyo nimekwisha kuitazama peke yangu kwa simu ya mjukuu, na sikuifikisha mwisho, kwa sababu nilipomwona yule mama, ambaye umri wake umepita miaka 90, akizungumziwa na watu wa nyumba yake kana kwamba hayupo, nilimtazama mwenzangu aliyelala kando yangu nikaizima. Ninyi mna usiku mzima mnachagua kitakachotazamwa sebuleni kwake, na mmefika hata kwenye kidole chake. Nani kati yenu aliyempigia simu akamwuliza?

[Alhamisi 06:48] Shangazi wa Tudor: Sabalkheri. Baba, nimekusikia, naomba radhi. Nimempigia Mama baada ya Alfajiri.

[06:55] Binamu wa Kisauni: Bibi amechagua nini?

[07:01] Shangazi wa Tudor: Anataka ile ya Mzungu na pweza, yaani My Octopus Teacher, makala ya Afrika Kusini iliyopata Oscar mwaka 2021. Anasema ameisikia mara nyingi na hataki kuondoka duniani kabla ya kumwona mtu aliyezamia karibu kila siku kwa takriban mwaka mzima kumtazama pweza, asimpike.

[07:03] Ami Mdogo wa Changamwe: Mwaka mzima! Nazi ingekuwa imeota mnazi.

[07:10] Shangazi wa Tudor: Basi ni pweza, kisha kipindi cha kwanza cha Adolescence ikiwa Bibi hajasinzia. Ile nyingine naiweka kando kwa sasa. Nani mwenye projekta? Nyumba 4 bado hazijathibitisha.

[09:26] Shangazi wa Tudor: Projekta?

[13:40] Ami Mkubwa wa Mtongwe: Mama alisema tuje saa ngapi?