Wakuu naombeni ushauri, kazi ya sakafu za mbao naipenda ila kifua na magoti vinanisumbua

saidia_fundi
Habari zenu wakuu. Nina miezi mitano tangu nianze kuweka sakafu za mbao ngumu na parke, vile vipande vidogo vinavyopangwa kwa mshazari kama ukili wa mkeka. Kazi naipenda kutoka moyoni na mkono unakubali, ila mwili ndo unalalamika. Tukishinda tunapiga msasa siku nzima usiku pua inaziba kabisa, asubuhi nikipenga kinatoka kitu cha kahawia, na tukifanya mvule ndo balaa, mikono inatoka vipele hadi kwenye kiwiko na macho yanavimba. Goti la kulia nalo limevimba kwa mbele, ukilibonyeza linabonyea kama lina maji. Bosi wangu ni mtu mzuri na ni fundi haswa ila nikimwambia ananijibu utazoea, wote tumepita humo. Barakoa tulizonazo ni zile nyembamba za hospitali.

Sasa wiki ijayo tunaingia nyumba ya zamani, tunang'oa parke iliyopo tuweke mpya. Nimechungulia kona moja iliyobanduka nikakuta chini gundi nyeusi kama lami. Bosi kasema tutaipiga msasa mpaka itoke. Naombeni mniambie kipi ni cha kawaida kwenye hii kazi na kipi ni cha kukataa, maana kuiacha sitaki.

randa_na_msasa
Mdogo wangu naanza na hilo la mwisho maana ndo linalonitisha. Hiyo gundi nyeusi MSIIPIGE MSASA. Gundi za lami za zamani nyingine zilichanganywa na asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake linaleta saratani ya mapafu, na hata isiyo na asbesto hiyo lami yenyewe vumbi lake si la kuvuta. Kwa macho huwezi kujua ipi inayo na ipi haina, mimi nina miaka 22 kwenye sakafu na siwezi kujua, anayejua ni maabara tu. Mwiteni mtu aliyesomea achukue kipande kidogo kipimwe, na mpaka majibu yatoke msikwangue, msifagie, hata kile kipande kilichobanduka kirudisheni kilipokuwa. Ikikutwa ipo mara nyingi haihitaji hata kutolewa, inafunikwa bila kuchokozwa na sakafu mpya inakaa juu, na kama lazima itoke inatolewa na watu wa kazi hiyo. Ubaya wa asbesto hukohoi leo. Inakaa kimya miaka 20, 30, hata 40 ndo inaonekana, kwa hiyo anayekwambia mbona mimi nilisugua na niko mzima hajakupa ushahidi wowote. Na kama zile mbao za juu zina rangi ya zamani nayo ipimwe kama ina madini ya risasi, ni sumu, kabla hamjasugua.

fundi_wa_ngazi
Naunga mkono hapo juu. Mi nizungumzie vumbi la kawaida, maana watu wanalichukulia kama unga tu wa mti. Vumbi la mbao liliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1995, na saratani yenyewe ni ya ndani ya pua na vile vyumba vya hewa vya usoni, na mbao ngumu ndo zinatajwa zaidi. Kwa hiyo hicho cha kahawia unachopenga kila asubuhi usikizoee. Sisemi unaumwa, nasema pua yako inakuonyesha kiasi unachovuta.

Dawa ya kwanza sio barakoa, ni kulikamata vumbi pale pale linapozaliwa: mashine iunganishwe na vakyumu yenye chujio la vumbi laini, na ufagio mkavu usitumike, ufagio unalirudisha hewani upya. Barakoa inakuja juu ya hapo, iwe FFP2 kwenda juu, hiyo ni daraja ya kuchuja vumbi imeandikwa kwenye barakoa yenyewe, kwa mbao ngumu mi navaa FFP3 inayochuja zaidi, na ndevu nanyoa maana hewa inapita pembeni ya ndevu barakoa inakuwa pambo. Hiyo ya hospitali haikusaidii kitu kwenye vumbi.

Vipele ni mvule wenyewe, una utomvu unaowasha watu wengi, mtiki nao hivo hivo. Shati la mikono mirefu, nawa kwa maji na sabuni kabla ya kula, na usijipulizie kompresa kutoa vumbi mwilini, nimeona wengi wanafanya. Ukiona kifua kinabana au unatoa sauti ya filimbi ukipumua nenda hospitali na uwaambie unafanya kazi gani na mbao gani.

saidia_fundi
Asanteni sana wakuu, sikuwa najua kabisa. Je glavu nivae hata nikiwa nakata? Maana mikono inawasha.

mkono_wa_kushoto
HAPANA dogo, kwenye msumeno unaozunguka glavu vua. Meno yakishika uzi wa glavu yanavuta mkono mzima kabla hujajua kimetokea nini. Vaa wakati wa kubeba, kupanga na kupaka gundi, kwenye msumeno mkono mtupu na mbali.

Na nikuambie la parke ambalo kwenye mbao ndefu huwezi kulijua. Vipande vyake ni vifupi, na kifupi ndo kinachokata watu. Mimi nilikuwa namalizia ukingo, nimebakiza vipande kama sita nimalize chumba, nikashika kipande cha urefu wa kiganja kwa vidole nikashusha msumeno. Kikageuka. Sikusikia maumivu, nilisikia mlio umebadilika, afu nikaona tone la kwanza kwenye mbao niliyokuwa nimeisugua asubuhi. Kidole cha shahada mkono wa kulia hakina ncha mpaka leo, na hicho kipande kilikuwa cha pembeni kinachofunikwa na skating, ule ubao wa chini ya ukuta, hakuna mtu angekiona.

Tangu siku hiyo kipande kifupi sikishiki kwa mkono. Nakata kutoka kwenye ubao ukiwa bado mrefu, na ikishindikana nakibana na klempu kwenye kibao nilichokitengeneza kwa ajili hiyo. Nasubiri msumeno usimame kabisa ndo naunyanyua. Na vile vipande vya mwisho wa siku navikata kesho yake asubuhi.

dada_vanishi
Naona hakuna aliyegusa moto na mimi ndo unaonikosesha usingizi. Mdogo wangu ule mfuko wa vumbi wa mashine usiuache umejaa ndani ya nyumba mkiondoka jioni, hata siku moja. Mashine ikigonga kichwa cha msumari inatoa cheche, cheche inaingia kwenye mfuko inakaa inafuka polepole masaa na masaa, na kama mlikuwa mnasugua vanishi ya zamani vumbi lake linaweza kujipasha lenyewe bila cheche. Sisi tulikuja asubuhi tukakuta mfuko umekuwa shimo na mbao chini yake zimeungua duara kama sufuria, ni bahati tu pazia lilikuwa limeshatolewa. Zamisha misumari yote kwa panchi, kile chuma cha kugongea kichwa cha msumari kiingie ndani, kabla ya kuwasha mashine, na kila ukimaliza mwaga vumbi nje kwenye pipa la bati lenye mfuniko, mbali na ukuta.

Matambara ya mafuta ya kitani na mafuta mengine ya mbao nayo hivo hivo, mafuta yakikauka yanatoa joto, ukiyakunja furushi joto halina pa kutokea linawaka lenyewe bila kiberiti. Tandaza moja moja nje yakauke au zamisha kwenye ndoo ya bati yenye maji na mfuniko.

Siku ya kupaka vanishi au sila ya thina, ile inayopakwa kwanza kuziba mbao, zima kila chenye moto, jiko, kipasha maji, hata swichi usiguse mvuke ukishajaa, na feni ya kawaida usiiweke chumbani. Jimbo la Massachusetts kule Marekani mafundi wa sakafu watatu walikufa kwenye mioto miwili, 2004 na 2005, walikuwa wanatumia sila ya laka inayoshika moto haraka, wakafikia mpaka kuipiga marufuku kwa sheria. Zipo za maji, chukueni hizo.

Na barakoa ya vumbi haizuii harufu, mvuke unataka kichujio cha mkaa. Soma kopo: ukikuta neno isosayaneti kwenye gundi ya poliyurethani au vanishi ya kuchanganya mbili, hiyo inaleta pumu, na kifua kikishaikataa mara moja hata kidogo tu kitakubana maisha yako yote. Umoja wa Ulaya tangu Agosti 2023 fundi haruhusiwi kuzitumia kazini kabla ya kupata mafunzo.

randa_na_msasa
Goti tumelisahau. Hicho ni kifuko cha maji cha mbele ya goti, kazi yetu inakijua vizuri. Usikitoboe. Likiwa la moto na jekundu nenda hospitali siku hiyo hiyo. Pedi nene zinazofungwa nyuma, na kila nusu saa simama ufanye cha kusimama, kubeba, kupima, kukata.

saidia_fundi
Wakuu nimerudi. Nilimwonyesha bosi huu uzi wote, mwanzoni alinuna, akasoma ile ya gundi nyeusi mara mbili akakaa kimya. Baadae akaniambia yeye kikohozi anacho mwaka wa nne. Mtu wa maabara kachukua kipande jana, kazi imesimama mpaka majibu na mwenye nyumba kakubali kusubiri. Goti naenda kuonyesha kesho. Dada swali moja, yale matambara ya kwenye ndoo nikishayazamisha nayatupa vipi?

dada_vanishi
Usiyakamue wala usiyachanganye na takataka za kawaida. Yakae humo humo na maji, mfuniko umebana, yapelekwe yanapopokelewa makopo ya rangi na kemikali. Na mwambie bosi wako na yeye aende akapigwe picha ya kifua.