Hivi makaburu wa Afrika Kusini waliangushwa na nani hasa? Mtutu, vikwazo au wananchi wa kawaida?

kijana_wa_Tandika:
Wakuu heshima yenu. Kuna ubishi umetokea hapa kijiweni nimeona niulete kwa wenye uelewa. Jamaa mmoja anasema makaburu waliachia nchi sababu Mandela alikaa na De Klerk, rais wao wa mwisho, wakayamaliza kiungwana, mwingine anasema thubutu, ni mtutu wa MK (jeshi la ANC, chama cha Mandela) na kipigo walichopata vitani Angola, wa tatu yeye anang'ang'ania vikwazo, eti pesa ilikata. Mimi nikauliza sasa na wananchi wenyewe je, yule mama wa Soweto anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kufua nguo za mzungu, mchango wake ulikuwa kuimba na kurusha mawe tu? Wakanicheka.

Naomba kueleweshwa mambo mawili. Moja, watu wasio na bunduki walifanya nini hasa cha kumuumiza kaburu. Pili, kama jeshi la kaburu lilikuwa halijashindwa, kwanini akubali uchaguzi ambao anajua fika atapigwa? Wa matusi tafadhali apite.

Chachandu:
Nyerere ndo kawatoa. Uzi ufungwe 😂

Mzee wa Mindu:
Uzi haufungwi wewe 😂 Mwalimu alifanya ya kwake, Kamati ya Ukombozi ya OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) ilikaa Dar tangu 1963, MK walikuwa na kambi Kongwa, ANC wakafanya mkutano wao mkubwa Morogoro 1969. Lakini sisi tuliokulia Moro tunaijua Mazimbu, walikokaa wakimbizi wa ANC, na ukifuatilia wale watu walifikaje pale ndo unapata jibu la kijana. Wengi hawakutumwa na chama, walikuwa wanafunzi waliokimbia nchi baada ya tarehe 16 Juni 1976, Soweto ilipogoma kufundishwa masomo kwa Kikaburu na polisi wakawamiminia risasi. ANC ilikuwa imepigwa marufuku tangu 1960, iko uhamishoni, haina watu wengi wapya, ghafla inapokea maelfu ya vijana wenye hasira. Shule ya Mazimbu ikajengwa kwa ajili yao ikapewa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa 1979. Kwahiyo hata huo mtutu unaosifiwa, walioubeba walitoka kwenye mgomo wa madarasani.

Sasa kumuumiza kaburu. Elewa kwanza alitaka nini kwa Mwafrika. Hakutaka awe raia, hakutaka alale mjini, lakini alimtaka kiwandani kila asubuhi na alitaka mshahara wake urudi jioni kwenye basi na dukani. Hapo ndo palikuwa pa kumbana. Chukua Alexandra, Johannesburg, mwaka 1957, kampuni ya mabasi ikapandisha nauli kutoka peni nne kwenda peni tano. Peni moja! Watu wakasema "Azikwelwa", hatupandi. Wakaanza kutembea, kama kilomita 15 kwenda na 15 kurudi, mvua yao jua lao, kuanzia Januari mpaka katikati ya mwaka, mabasi yanapita matupu pembeni yao na polisi wanawasimamisha barabarani kukagua vipande (pasi ambazo Mwafrika alilazimishwa kutembea nazo), na wazungu wachache waliokuwa wanatoa lifti nao wakawa wanasumbuliwa na trafiki. Mwisho wa yote nauli ikarudi peni nne na bunge la makaburu wenyewe likapitisha sheria ya kuwaongezea waajiri tozo ili wafidie usafiri. Ile peni ilishindwa kwa miguu, si kwa mawe.

Na mwaka mmoja kabla, 9 Agosti 1956, akina mama kama elfu ishirini waliingia Pretoria kwenye majengo ya serikali kupinga kuandikiwa vipande, wakaacha rundo la karatasi zenye saini mlangoni kwa waziri mkuu Strijdom, wakasimama kimya nusu saa nzima. Wengine wamebeba watoto wa mabosi wao mgongoni, maana hawakuwa na pa kuwaacha. Hao ndo wafua nguo unaowaulizia kijana.

Kamaa_wa_254:
Kipande tunakijua huku kwetu, mkoloni alikiweka kwa mkebe ukakivaa shingoni kama mbuzi. Lakini mzee acha nikupinge kidogo. Azikwelwa ni 1957, tarehe 21 Machi 1960 watu wakaenda Sharpeville kupinga hivyo hivyo vipande bila silaha na wakauawa 69, vyama vikafungiwa, akina Mandela wakapelekwa Robben Island na vipande vikabaki. So peni moja mlishinda, nchi mkakosa. Mimi naona baada ya hapo watu walinyamaza, ni silaha na presha ya nje ndo zilifanya kazi.

Mzee wa Mindu:
Walinyamazishwa miaka ya sitini, hapo sikatai. Ila hawakulala. Januari 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha matofali Durban waligoma, mgomo ukaenda kiwanda kwa kiwanda hadi makumi ya maelfu wakawa nje. Kugoma kwa Mwafrika kulikuwa haramu kisheria. Mabosi wakawaambia sawa chagueni viongozi wenu tuongee nao, umati ukagoma kutoa majina, maana wanajua wakitoa tu kesho hao watu wako ndani. Meneja anahutubia uwanjani watu elfu mbili na hajui amshike nani! Toka pale vyama vya wafanyakazi vikaota upya, 1979 serikali ikalazimika kuvitambua, 1985 shirikisho lao COSATU likazaliwa, na 1987 wachimba migodi kama laki tatu wakaweka chini zana wiki tatu, katibu mkuu wao akiwa Cyril Ramaphosa. Ndo huyu huyu rais.

Halafu njoo 3 Septemba 1984. Siku hiyo Botha, kiongozi wa makaburu kabla ya De Klerk, anazindua katiba mpya yenye bunge la vyumba vitatu, wazungu, machotara na Wahindi, Mwafrika hayumo kabisa, yeye kapewa madiwani wa vitongoji. Sasa hao madiwani wangepata wapi hela? Viwanda na maduka yote yako upande wa wazungu na ushuru wake unaishia huko huko. Kilichobaki ni kumpandishia maskini kodi ya nyumba. Siku hiyo hiyo Sebokeng na Sharpeville zikawaka, nyumba za madiwani zikachomwa, diwani wa Sharpeville akauawa. Oliver Tambo, kiongozi wa ANC uhamishoni, anatoa wito nchi isitawalike ni 1985, watu wa Vaal, yaani huko Sebokeng na Sharpeville, walishaanza mwaka mmoja nyuma. Toka hapo watu waligoma kulipa kodi miaka na miaka, na serikali ingefanya nini, ifukuze Soweto nzima?

Ila inayonifurahisha mimi ni Port Elizabeth, Julai 1985. Kijana anaitwa Mkhuseli Jack na wenzake wakatangaza hakuna Mwafrika kununua kitu duka la mzungu mjini. Wiki nenda wiki rudi maduka yamekaa matupu. Serikali ikatangaza hali ya hatari, ikakamata viongozi, lakini utamkamata mtu kwa kosa la kutonunua viatu? Hakuna sheria hiyo. Mwisho wafanyabiashara wa kizungu wenyewe ndo wakawa wanaibembeleza serikali iwaachie hao viongozi ili wapate wa kuongea nao. Wakaachiwa Novemba, Krismasi watu wakafanya shopingi.

mama_Nurat:
Mnasimulia vizuri lakini naona kila mtu hapo malaika. Na waliovunja huo mgomo wa kununua je, mbona hamsemi walifanywaje? Mama wa watu katoka mjini na kikapu, vijana wanamkamata stendi wanamnywesha mafuta ya kula, wanamlisha sabuni ya unga aliyonunua. Na tairi je? Mtu anahisiwa tu kibaraka, anavishwa tairi lenye petroli anachomwa mzima mzima, ushahidi hakuna. Julai 1985 kule Duduza Askofu Tutu aliingia mwenyewe katikati ya umati msibani kumchomoa mtu aliyekuwa anataka kuchomwa, na baadaye mwezi huo huo, kwenye mazishi KwaThema, akawaambia watu wazi wakiendelea hivyo yeye atabeba familia yake ahame nchi. Bado hatujafika kwa Inkatha, chama cha Wazulu cha Buthelezi, na ANC kuchinjana KwaZulu na kwenye hosteli za Joburg, huku dola inawapa silaha na mafunzo watu wa Inkatha kwa mlango wa nyuma.

Sisemi mapambano hayakuwa ya haki. Nasema mkiweka "wananchi" basi muwaweke wote, mpaka na huyo mama mwenye kikapu.

Mzee wa Mindu:
Hapo huna mpinzani mama.

wakili_wa_Chang'ombe:
Niende swali la pili maana halijaguswa. Kijana, swali lako lina shida kidogo: De Klerk hakukubali uchaguzi akijua atapigwa. Tarehe 2 Februari 1990 anafungulia ANC, anaona Urusi inayumba, ukuta wa Berlin umeanguka, ANC wamekosa mfadhili, akapiga hesabu kwamba ataongea nao wakiwa dhaifu na atapata katiba ambayo wazungu wana kura ya turufu. Alibanwa, ndio. Benki za Marekani ziligoma kuongeza muda wa madeni 1985, randi ikaporomoka, na sababu iliyozitisha benki ni hiyo hiyo mitaa isiyotawalika inayoonekana kwenye TV kila jioni. Kwahiyo jamaa wa vikwazo na wewe mnaongea kitu kimoja. Hata Septemba 1989 Cape Town watu kama elfu thelathini waliandamana na Tutu mbele, na De Klerk akaruhusu, alishaona kuwapiga kunamgharimu zaidi.

Sasa mazungumzo ya katiba mpya, CODESA, yakaanza Desemba 1991, yakakwama Mei 1992 hapo hapo kwenye turufu ya wazungu. Juni wanaume kutoka hosteli ya Inkatha wakaua watu 45 Boipatong usiku mmoja, ANC ikatoka mezani. Ndipo mtaa ukarudi: Agosti mgomo wa nchi nzima, mamilioni hawakwenda kazini, Septemba watu 28 wakauawa kwa risasi kwenye maandamano Bisho. Mwisho wa mwezi huo De Klerk akasaini makubaliano na Mandela, na nguvu yake ya kugoma ikaishia pale. Tarehe 10 Aprili 1993 Chris Hani, kiongozi wa chama cha kikomunisti aliyewahi kuwa mkuu wa MK, akauawa mlangoni kwake, nchi inataka kulipuka, na aliyekwenda TV kutuliza watu alikuwa Mandela, rais aliye madarakani hakusikilizwa na mtu. Wiki chache baadaye tarehe ya uchaguzi ikapangwa, 27 Aprili 1994.

Lakini msijidanganye walishinda kila kitu. Joe Slovo, mkomunisti kabisa wa upande wa ANC, ndo alipendekeza serikali ya pamoja miaka mitano na watumishi wa serikali ya kikaburu wasifukuzwe. Mali zikabaki kwa waliokuwa nazo. Wapo wanaoona ANC waliuza mechi mezani. Mimi naona jeshi na polisi vilikuwa bado vya wazungu, ungekataa hayo ungepigana miaka mingine kumi, ila mjukuu wa yule mfua nguo anayeishi kibanda cha bati leo simlaumu akiniona mpuuzi.

Kamaa_wa_254:
Ok hapo kwa benki umeniweza. Nilikuwa nimetenganisha hivyo vitu.

kijana_wa_Tandika:
Aisee asanteni. Nimewatumia wale wa kijiweni, jamaa wa Mandela kajibu "mmeandika sana" 😂 Swali la mwisho, nimesikia Buthelezi wa Inkatha aligomea uchaguzi hadi dakika za mwisho, sasa jina lake liliingiaje kwenye karatasi?

wakili_wa_Chang'ombe:
Alikubali wiki moja tu kabla, karatasi zimeshachapwa mamilioni. Wakachapa stika ya Inkatha, zikawa zinabandikwa chini kabisa ya kila karatasi, za kwako na za yule. Kuna vituo stika zilichelewa watu wakasubiri wee. Na hapo chini chini kwenye stika akapata asilimia 10.5, ANC 62.6.