Dawa ya MPEP inaziba risepta ya mGlu5 peke yake au inagusa na NMDA?

mkondo_mdogo: Wakuu habari zenu, naomba msaada. Narekodi mikondo ya umeme kwenye vipande vya hipokampasi (sehemu ya ubongo) ya panya, natafuta mchango wa mGlu5, ambayo kama AMPA na NMDA ni risepta, yaani kipokezi cha glutamati kwenye seli za neva. Nikiweka MPEP, dawa ya kuziba mGlu5, mikromola 50, kama protokali ya maabara inavyotaka, mkondo wa AMPA hautikisiki lakini wa NMDA unashuka kila mara. Sasa hapo niseme mGlu5 ndo inaipa nguvu NMDA, au dawa yenyewe inaiziba NMDA moja kwa moja?

sinapsi: Mkuu usiandike hitimisho bado. MPEP inapunguza kazi ya mGlu5 kwa nusu kwenye nanomola kama 36 tu, na wewe uko zaidi ya mara elfu juu ya hapo! Ukifika mikromola 20 na kuendelea inaanza kuishika NMDA yenyewe, na pia inajulikana kuvuruga pampu inayorudisha kemikali ya noradrenalini ndani ya seli. Ni kweli kipande cha ubongo kinataka dozi kubwa kuliko seli za kwenye sahani maana dawa lazima ipenye tishu, ila 50 ni nyingi mno. Shuka hadi 10 au chini yake, halafu rudia na MTEP, dawa nyingine ya kuziba mGlu5, ambayo haikimbilii NMDA kirahisi hivyo.

Dr_Glu: Naunga mkono. Ushahidi mzito zaidi ni panya aliyeondolewa jeni ya mGlu5, ukimwekea MPEP na mkondo ukashuka vilevile basi dawa inagonga kitu kingine, hakuna ubishi. Na huo mkondo wa NMDA unautenga kwa kuziba AMPA na nini?

mkondo_mdogo: CNQX.

Dr_Glu: Hiyo nayo iangalie sana. CNQX haitofautishi AMPA na kaineti (risepta nyingine ya glutamati), na inashindana na glaisini, kemikali ambayo NMDA inaihitaji ili ifanye kazi, palepale glaisini inapokaa kwenye NMDA, kwa hiyo mkondo unaoupima unaweza kuwa umeshapunguzwa kabla hujagusa MPEP. NBQX, dawa nyingine ya kuziba AMPA, ni safi zaidi upande huo. Watu walipotaka kuona mkondo wa kaineti peke yake miaka ya 1990, GYKI 53655 ndo ilifungua njia, maana inaziba AMPA na kuiacha kaineti karibu yote.

mkondo_mdogo: Asanteni sana, naanza na NBQX na MTEP kwa dozi tofauti. Je nikiiamsha mGlu5 kwa DHPG itatosha kuthibitisha?

sinapsi: Haitoshi peke yake, DHPG inaamsha mGlu1, risepta ndugu ya mGlu5, pia. Iweke pamoja na LY367385 ili mGlu1 iwe imezibwa, ndo uangalie NMDA inapanda au vipi.