RAID ya mazabodi au ya Linux?

Wakuu nina diski mbili za TB 4, nataka RAID 1 (kila kitu kinaandikwa kwenye diski zote mbili) kwenye kompyuta ya nyumbani, natumia Ubuntu (Linux) tu. Niwashe ile ya kwenye BIOS (mipangilio ya mazabodi) au nitumie mdadm (programu ya RAID ya Linux)?

— mdadm mkuu. Hiyo ya BIOS kazi yenyewe bado inafanywa na prosesa kupitia draiva kwahiyo spidi ya ziada hupati, na mazabodi ikifa unaanza kuhangaika kutafuta nyingine inayoelewana nayo, ila diski za mdadm unazichomeka kwenye mashine yoyote ya Linux zinasomeka.

— Kweli kabisa, labda uwe unabuti na Windows juu ya diski hizohizo ndo ya BIOS ina maana.

— Na bakapu weka pembeni jamani, ukifuta faili linafutika diski zote mbili hapohapo.