Mnasakinisha toleo jipya bila kuangalia kama programu bado imefunguliwa, halafu lawama anabeba dada wa kaunta!

Wadau, hasira hii nimekaa nayo tangu jana asubuhi na leo sinyamazi. Mimi ni fundi wa kompyuta, nahudumia maduka ya spea pale Kirinyaga Road, Nairobi, wengi mnapaita Grogan. Kampuni iliyotengeneza programu ya mauzo ninayoilalamikia siitaji jina. Wenyewe wakipita hapa watajijua.

Jana ilikuwa tarehe 19. Mwenye biashara anajua maana yake: tarehe 20 ndiyo mwisho wa kuwasilisha VAT, kwa hiyo hesabu za mwezi uliopita lazima zitoke. Saa tatu kasorobo napigiwa simu, "Fundi njoo mbio, mashine imekataa." Nafika nakuta watu wamejaa kaunta. Mmoja amekumbatia shoku mbili za Probox, ameshalipa kwa M-Pesa, gari limeinuliwa kwa jeki huko nje, anadai risiti aondoke. Kwenye skrini kuna kisanduku cha kijivu kinachosema matoleo ya faili hayalingani. Ukibonyeza OK, programu inajifunga. Ukiifungua tena, kisanduku ni kilekile.

Dada wa kaunta alikuwa anatetemeka. Aliniambia, "Fundi, ujumbe ulikuja kwamba kuna toleo jipya. Niliifunga programu kwanza, ndipo nikabonyeza Endelea. Haki ya Mungu niliifunga."

Nami namwamini, kwa sababu nilithibitisha kwa macho yangu. Programu hiyo ukibonyeza alama ya X haizimiki. Inajificha pale chini kulia karibu na saa, inaendelea kuwasiliana na stoo kimyakimya. Juu ya hilo, mwenye duka usiku wa kuamkia jana alikuwa ameingia kwa akaunti yake kuangalia mauzo, akabadilisha mtumiaji bila kutoka. Kwa hiyo programu ileile ilikuwa inaendeshwa mara mbili kwenye mashine moja, na hakuna dirisha hata moja lililoonekana. Dada angejuaje?

Kisakinishi, yaani ile programu inayoweka toleo jipya kwenye mashine, ndicho kilichopaswa kujua. Hakikuuliza chochote! Kikaanza kunakili faili. Windows haikubali faili ya EXE au DLL, yaani zile faili zinazoendesha programu yenyewe, iandikwe juu yake ikiwa inatumika, kwa hiyo zile zilizokuwa huru zikabadilishwa na zile zilizoshikiliwa zikabaki za zamani. Kazi ikaishia nusu, nusu toleo jipya na nusu la zamani, na bado kisakinishi kikaandika "Imekamilika" na tiki ya kijani.

Nikawapigia simu watu wao wa huduma kwa wateja, nikaweka spika ili mwenye duka asikie. Jibu lao, neno kwa neno: "Mwambie huyo msichana awe anafunga programu kabla ya kusasisha." Mwenye duka papo hapo akaanza kuzungumzia kukata mshahara. Mtu ambaye amefanya kila alichoambiwa na skrini!

Sasa nisikilizeni ninyi mnaotengeneza programu, maana jambo hili si geni wala si gumu. Programu inapoanza, inaunda myuteksi, yaani alama yenye jina ambayo Windows inaitunza kwenye kumbukumbu. Kisakinishi kinachohitaji kufanya ni kuuliza: alama yenye jina hili ipo? Ikiwepo, kinasimama na kumwambia mtu afunge programu kwanza. Ukitumia Inno Setup, programu ya kutengenezea visakinishi ambayo ipo tangu 1997 na ni ya bure, ni mstari mmoja tu unaoitwa AppMutex. Mstari mmoja! Na kama kompyuta ina watumiaji wawili walioingia kwa pamoja, jina la alama unalianzisha kwa Global\ ili ionekane kutoka akaunti zote. Hiyo tu ingetosha kuokoa asubuhi yetu.

Kumbe wao, nilipombana msanidi programu wao baadaye, wanatafuta dirisha kwa jina lake. Wakiona hakuna dirisha lenye jina hilo, wanaamini programu imezimwa. Sasa programu yenu wenyewe ndiyo mmeifundisha kujificha, na dirisha la akaunti nyingine haliwezi kuonekana kutoka akaunti hii. Mnatafuta nini?

Akanipa ahadi ya kurekebisha: eti programu itakuwa inaandika faili ndogo kwenye diski ikifunguka na kuifuta ikifungwa. Nikamwambia hapana, usithubutu. Hapa stima inapotea katikati ya mauzo. Ikirudi, ile faili bado ipo, na kisakinishi kitaapa kwamba programu inatumika wakati mashine ndiyo kwanza imewaka. Myuteksi haina tatizo hilo, programu ikifa kwa namna yoyote Windows inaiondoa yenyewe.

Akasema basi wataizima kwa nguvu kwa taskkill /F. Jamani! Amri hiyo haiipi programu nafasi ya kuhifadhi kitu. Mauzo yaliyofunguliwa yanakatika yakiwa nusu, na hapo ndipo hifadhidata zinapoharibika. Tangu Windows Vista, mwaka 2007, kuna Restart Manager, ambayo inataja ni programu gani zimeshikilia faili na inaweza kuziomba zijifunge kwa utaratibu. Na faili ikishindikana kabisa, Windows inaweza kuahirisha kuibadilisha hadi kompyuta iwashwe upya, mradi umwambie mtu ukweli kwamba kazi haijaisha.

Nilitumia saa nne kurudisha toleo la zamani kutoka kwenye nakala niliyokuwa nayo. Muda wote huo dada aliuza kwa kuandika kwenye daftari, plagi, bushi, breki pedi, kila kitu na bei yake, kisha akakaa mpaka saa mbili usiku akiyaingiza yote kwenye mashine. Hesabu za VAT zimetoka leo mchana.

Nimezima usasishaji kwenye maduka yote ninayoyahudumia. Hautawashwa mpaka nione kwa macho yangu kisakinishi kikikataa kuendelea huku programu ikiwa imejificha kwenye akaunti ya pili. Na kabla ya hilo, nataka wampigie mwenye duka wamwambie kwamba kosa ni lao, si la yule dada. Namba ya duka wanayo.