Mafundi wa kompyuta, kwa nini kila mashine inayojizima jibu ni "kupiga Window"? RAM mbovu imetugharimu diski, fedha na kazi za familia

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na ninaowalenga ni mafundi wa kompyuta wa hapa mjini ambao, mteja akifika na mashine inayojizima, hawaulizi inajizima vipi wala lini, bali huchomeka flashi na kuanza kufuta ili waweke Windows upya, ndiko kunakoitwa "kupiga Window". Sitataja jina la mtu wala la duka, kwa sababu nikiwasikiliza majirani na wafanyakazi wenzangu naona huu ni mtindo wa mtaa mzima.

Mashine yenyewe ni kompyuta ya mezani ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha nne, yenye RAM (kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta hushika inachokifanyia kazi) ya GB 8 katika vipande viwili vya aina ya DDR3. Ilianza kuganda, kisha kujiwasha upya yenyewe, na kila mara skrini ya bluu ilitoa sababu tofauti: leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Nilizipiga picha zote kwa simu nikamwonyesha fundi wa kwanza, naye hakuzitazama hata kidogo. Alisema Window imechoka. Mtu anayeifanya kazi hii kila siku alipaswa kujua kwamba misimbo inayobadilikabadilika namna hiyo, bila programu moja inayojirudia, ndiyo inayomfanya fundi makini aanze na RAM kabla ya kugusa kitu kingine.

Diski yetu ilikuwa imegawanywa sehemu mbili, C kwa ajili ya Windows na D kwa ajili ya kazi za nyumbani, na nilimweleza hivyo kwa mdomo wangu. Kusakinisha upya kulihitaji kugusa C peke yake. Yeye alifuta zote mbili, akaunda sehemu moja, akasakinisha Windows na lundo la programu ambazo hakuna aliyemwomba, zikiwemo za kuvunja leseni ambazo haziwezi kufanya kazi mpaka Windows Defender, kinga ya Windows dhidi ya virusi, izimwe. Rasimu za utafiti wa mdogo wangu na picha za familia zilikuwa D, na kwa kuwa alikwisha kuandika data nyingine juu yake, kilichookolewa baadaye ni kidogo mno. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hata huo uvunjaji wa leseni haukuwa na haja: tangu Windows 10, leseni ya kidijitali hufungamanishwa na ubao mama (motherboard), kwa hiyo mashine iliyokwisha kuhalalishwa ikisakinishiwa toleo lilelile hujihalalisha yenyewe ikipata intaneti. Ndivyo ilivyofanya nilipokuja kuisakinisha mwenyewe.

Haikukaa wiki ikaanza kujizima tena, na safari hii hata usakinishaji uligoma. Kila ulipofika katikati ya kunakili mafaili ulisimama na kutoa msimbo 0x80070570, ukidai kwamba mafaili yanayohitajika yameharibika au hayapo. Fundi wa pili alianza kwa kulaumu flashi, ingawa flashi hiyohiyo ilikuwa imesakinisha Windows bila tatizo kwenye kompyuta ya jirani. Kisha akasema eti Windows 10 "imefungwa" na Microsoft, ndiyo maana inakataa kuingia. Huu ni uongo mtupu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, yaani masasisho ya bure ya usalama, lakini haikuzuia mtu yeyote kuisakinisha. Akataka kunilazimishia Windows 11 kwa njia ya kuruka ukaguzi wa vifaa, kwenye mashine isiyo na TPM 2.0 (kifaa cha usalama ambacho Windows 11 hukidai) na ambayo prosesa yake haimo kabisa katika orodha inayokubaliwa, orodha ambayo kwa Intel kimsingi huanzia kizazi cha nane. Nayo ikagoma kwa msimbo uleule. Hapo akatangaza kwamba diski imekufa, akaniuzia diski mpya ya aina ya SSD, na diski ya zamani akabaki nayo.

Matokeo baada ya SSD mpya yalikuwa 0x80070570. Fundi wa tatu, bila kupima chochote, akasema ubao mama umekufa, na kwa hisani yake akajitolea kuinunua mashine kwa bei ya skrepa.

Nikaamua kuirudisha nyumbani na kufanya ambacho hakuna kati yao aliyekifanya. Nilipakua Memtest86+, programu ya bure ya kupima RAM, nikaiweka kwenye flashi, nikawasha mashine kupitia flashi hiyo na kuiacha ifanye kazi usiku. Asubuhi skrini ilikuwa imejaa mistari myekundu ya makosa. Kwa RAM, kosa moja tu ni kubwa mno. Nikapima kipande kimoja kimoja: cha kwanza kilikuwa safi katika matundu yote mawili, cha pili kikatoa makosa katika matundu yote mawili, maana yake tundu ni zima, ubao mama ni mzima, na ubovu umo ndani ya kipande hicho peke yake. Nilikitoa, nikarudia usakinishaji, nao ukaenda moja kwa moja hadi mwisho.

Naomba nieleze kwa nini jambo hili si muujiza, maana mafundi hulizungumza kana kwamba usakinishaji unaogoma ni laana. Mafaili ya Windows hubanwa ndani ya faili moja kubwa, install.wim au install.esd, na programu ya usakinishaji huyasoma kutoka kwenye flashi, huyafumua yakiwa ndani ya RAM, huyakagua iwapo yametoka sawasawa, kisha huyaandika kwenye diski. Kompyuta ya nyumbani kwa kawaida haina RAM ya aina inayojisahihisha kama ile ya seva. Biti moja (0 au 1 katika data) ikigeuka wakati unatazama video, pengine hutaona chochote. Ikigeuka ndani ya faili lililobanwa, ukaguzi unakataa na kazi yote inasimama. Ndiyo sababu kubadilisha diski hakukusaidia kitu, na ndiyo sababu hata Windows iliyofanikiwa kuingia mara ya kwanza iliingia ikiwa tayari na uwezekano wa mafaili yaliyoharibika.

Diski ya zamani niliidai kwa mabishano makali mpaka nikaipata. Niliipima: idadi ya sekta (vijisehemu vya diski) zilizohamishwa kwa ubovu ni sifuri, zinazosubiri kuhamishwa ni sifuri, na ilisomeka mwanzo hadi mwisho bila sekta hata moja kugoma. Diski nzima kabisa, yenye mabaki ya nakala za vitambulisho vyetu, ilikuwa imelala kwenye droo ya mtu asiyetuhusu, ikisubiri bila shaka kuuzwa kwa mteja mwingine.

Sasa nawauliza mafundi mliomo humu, na ninataka majibu, si matusi. Kipimo cha RAM hakina gharama na hakihitaji fundi kukaa nacho. Kwa nini hakifanywi kabla ya kumtoza mtu fedha za kupigiwa Window? Kwa nini mteja haulizwi kuhusu data zake kabla ya sehemu za diski kufutwa? Na kifaa kinachotolewa kwenye mashine ya mtu kwa madai kwamba kimekufa kinabaki dukani kwa ruhusa ya nani?

Mwenye kujua duka hapo Kariakoo linalouza kipande cha DDR3 cha GB 4, cha kasi ya 1600, na linalokubali kipimwe kwa Memtest kabla sijalipa, tafadhali aandike hapa chini. Mashine inatumika, lakini kwa GB 4 zilizobaki kurasa chache tu za intaneti zinatosha kuifanya isuesue.