Kundi la familia: Daktari wa mgongo wa Baba

Rehema: Shikamooni wakubwa. Majibu ya picha ya Baba yametoka. Diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno imetokeza, inabana mshipa wa fahamu. Tumepewa rufaa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa uti wa mgongo, miadi ni Alhamisi asubuhi.

Shangazi Zainabu: Marahaba mwanangu. Pole sana kaka yangu.

Juma: Huyo daktari nimeshamsoma mtandaoni. Karibu wote wamempa nyota tano. Ana lugha nzuri, anasikiliza, wahudumu wake wachangamfu. Mmoja tu ndiye kanuna, kasubirishwa saa tatu.

Asha: Saa tatu kwenye kiti na mgongo mbovu 😭 mimi ningelala sakafuni

Saida: Kaka Juma, hayo yote ni habari za mapokezi. Kuna aliyesema alifanyiwa nini?

Juma: Ngoja nirudi... Mmoja kaungwa pingili. Mwingine alikuwa na tatizo la shingo. Wengine wanashukuru tu.

Saida: Umeona? Na angalia waliandika lini. Huku wodini mgonjwa akiamka mguu umeacha kuwaka, siku hiyo hiyo anamwombea daktari pepo. Lakini aliyeungwa pingili hajui lolote bado, mfupa unachukua miezi kushikana. Arudi aandike baada ya mwaka ndiyo tumsikilize.

Baba Mdogo Hamisi: Mimi nataka kujua kasomea nini. Nasikia mgongo ni wa madaktari wa ubongo, wale wa mifupa wanadandia tu.

Saida: Hapana Baba Mdogo, njia ni mbili na zote halali. Baada ya shahada ya udaktari, mmoja anachukua ubingwa wa mifupa, mwingine ubingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, kila mmoja miaka kadhaa. Kisha anayetaka mgongo anaongeza ubobezi wa mgongo wenyewe, mara nyingi kama mwaka mmoja hivi. Uvimbe ulio ndani ya utando wa uti wa mgongo kwa kawaida ni wa watu wa ubongo. Migongo iliyopinda ya watoto, hasa watu wa mifupa. Diski kama ya Baba, wote wanafanya. Cha kuuliza ni kama mgongo ndiyo kazi yake ya kila wiki, au leo nyonga, kesho goti, mgongo ukijitokeza.

Baba Mdogo Hamisi: *Imetumwa mara nyingi* ⚠️ USIKUBALI KUPASULIWA MGONGO!! Wote wanapooza. Ning'inia kwenye bomba dakika kumi kila asubuhi, diski itarudi yenyewe.

Rehema: Baba Mdogo jamani 🙏🏽

Shangazi Zainabu: Hamisi, mimi nimepasuliwa na ninatembea, ulikuja kuniona kwa macho yako. Sasa nisikilizeni, naandika polepole.

Shangazi Zainabu: Daktari wa kwanza niliyemwona hakuniangalia mimi, aliangalia picha. Aliipachika kwenye taa, akasema tunaunga pingili kwa skrubu, nenda kapange tarehe. Sikurudi. Wa pili alinivua viatu. Akaniambia nitembee kwa visigino, nikaweza. Nitembee kwa vidole, mguu wa kushoto ukagoma, kisigino hakiinuki. Akanilaza, akauinua mguu ukiwa umenyooka, umeme ukanipiga mpaka kwenye unyayo. Akanisukuma kidole gumba, sukuma na wewe, sukuma. Ndipo akafungua picha, akasema naona kinacholingana na mguu wako. Mimi sitaunga kitu, nitatoa kipande kinachobana, basi. Akaniambia kabisa: maumivu ya mguu nina matumaini nayo makubwa, ya mgongo siwezi kukuahidi.

Shangazi Zainabu: Na ikawa hivyo. Nilipozinduka kwenye nusu kaputi mguu ulikuwa kimya. Ganzi ya kidole kidogo ilikaa miezi mingi. Mgongo bado unanisumbua nikisimama sana. Sina kinyongo kwa sababu aliniambia kabla.

Asha: Shangazi 🥺 kutoka kitandani ulikuwa unatokaje?

Shangazi Zainabu: Unageuka mzima mzima kama gogo, kisha unashusha miguu huku mkono unasukuma. Ukijikunja tu, unamkumbuka mama yako.

Saida: Huyo daktari wa pili alifanya kazi yake. Picha peke yake inadanganya. Kuna utafiti wa 1994, walipiga emarai watu 98 wasioumwa mgongo hata kidogo, zaidi ya nusu wakakutwa na diski zilizotokeza. Ukimpasua kila mwenye diski hiyo utapasua wazima.

Juma: Kwa hiyo Baba anaweza asipasuliwe?

Saida: Inawezekana. Maumivu ya namna hii kwa wengi hutulia ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa na mazoezi tiba. Ila Baba ameshavuka hapo, na Rehema aliniambia mguu unaburuza. Ndiyo maana nataka daktari aulizwe wazi: tusipopasua itakuwaje? Akikasirikia swali hilo, mmeshapata jibu. Muulizeni pia nani hasa atashika kisu, na usiku kidonda kikianza kuvuja tunampigia nani. Hilo la mwisho watu husahau, halafu wanahangaika.

Saida: Na kabla ya Alhamisi: mkojo ukigoma kutoka, au ganzi ikiingia sehemu za siri na makalioni, au miguu yote miwili ikilegea, hakuna kusubiri miadi. Ni dharura, usiku huo huo hospitali.

Rehema: Baba, mkojo vipi?

Asha: Dada!! kwenye kundi 🙈

Baba: Mkojo unatoka vizuri tu, asanteni.

Saida: 😂 Alhamdulillahi. Kingine Baba, wakisema kuunga pingili, sigara ziishe. Nikotini inauzuia mfupa kushikana.

Juma: Tiki mbili za bluu, jibu hakuna.

Asha: Mzee amezima data ghafla

Baba: Nipo. Nilikuwa nasoma maneno ya Zainabu. Mimi mgongo nimeuzoea miaka yote. Kinachoninyima usingizi ni mguu, kuanzia kalioni mpaka juu ya unyayo, na kidole gumba hakinyanyuki. Kandambili inachomoka nikitembea.

Shangazi Zainabu: Kaka, maneno hayo hayo mwambie daktari kabla hajashika picha.

Saida: Na hiyo kandambili uivae siku hiyo, aone mwenyewe.

Rehema: Nampeleka mimi. Juma unakuja kuandika majibu, mimi nikiwa na Baba huwa nasahau kila kitu.

Juma: Nipo. Nachaji simu nirekodi, daktari akiridhia.

Baba Mdogo Hamisi: Nami nakuja. Nitamuuliza kuhusu bomba.